Mbuzi Si Najisi

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Nyangamara, nilijua vitu viwili tu vya kuogopa: mbwa, kwa kuwa ni najisi, na kisima cha bondeni saa saba mchana, kwa kuwa kina mwenyewe, jini. Bibi mzaa mama ndiye aliyetufundisha yote mawili, na Bibi hakuwa mtu wa kubishiwa.

Siku moja mbwa wa jirani, aliyelinda mihogo dhidi ya nguruwe pori, aliingia uani kwetu akitokwa mate. Alinilamba mguu, akamng'ata mbuzi wetu sikio, kisha akakimbizwa. Bibi alinisugua ule mguu mara saba, mojawapo kwa udongo, mpaka ngozi ikaniwaka. Sikio la mbuzi alilipaka majivu, yakaisha.

Wiki kadhaa baadaye mbuzi alianza kulia kwa sauti ya kukwaruza, mate yanamchuruzika, majani hamezi. Kaka yangu Sefu, aliyempenda yule mbuzi kuliko alivyonipenda mimi, akasema amekwamwa na kitu kooni. Akamtia mkono mdomoni. Meno yakamchubua vidole.

"Bibi, na mimi nioshwe mara saba?" aliuliza, akinicheka mimi.

"Mbuzi si najisi, mume wangu. Jipanguse uje ule."

Akajipangusa kwenye kaptula, akaja kula. Mbuzi alikufa siku ya tatu.

Korosho zilipoanza kudondoka, Sefu aliamka na homa, vidole vinamwasha. Kesho yake mama alimpa maji. Akayasukuma, koo likamkaza, macho yakamtoka. Bibi akauliza alikuwa amepita wapi. Nikajibu mimi, kwa kimbelembele changu: alikwenda kisimani saa saba. Ilikuwa kweli. Tulikwenda wote wawili.

Akaitwa mwalimu wa madrasa. Aliandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akayaosha maandishi, akamletea Sefu kikombe. Sefu alipokiona tu akapiga kelele. Hapo hakuna aliyebaki na shaka. Nani huyakimbia maneno ya Mungu kama si jini?

"Mshikeni," alisema Bibi. Mama akashika mikono, mimi nikamkalia miguu.

"Bibi, nina kiu," Sefu alilia. "Nina kiu kweli. Hayapiti."

"Msimsikilize. Si yeye huyo anayesema." Kisha akamwamuru jini atoke.

Alikufa siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri.

Ukubwani nilikuja kujua kwamba kilikuwa kichaa cha mbwa, na kwamba kikishafika hapo pa kuogopa maji hakuna kombe wala daktari. Maji mengi na sabuni, kisha sindano, vilitakiwa siku ile ile ya vidole. Alichonifanyia Bibi mguuni ndicho Sefu alichokihitaji mkononi, na kidogo zaidi. Simlaumu. Alitulinda kwa alichokijua, na alichokijua kilikosea mnyama tu.

Kinachoniuma ni kingine. Kaka yangu alikuwa na akili zake timamu. Alituambia kwa kinywa chake kwamba ana kiu na maji hayapiti, na sisi tuliompenda kuliko watu wote tukamkana mbele ya macho yake. Siku yake ya mwisho tuliimaliza tukizungumza na jini. Yeye hatukumwambia hata neno moja.