Kingo Nilizozikata

Jumanne asubuhi nilikuwa napaka gundi mgongo wa Biblia ya mwenye duka la mafuta ya taa, mke wa jirani yangu akapita mbele ya kibaraza changu bila kunisalimu. Mama huyu, tangu wahamie hapa kwetu Temeke, hajawahi kunipita bila shikamoo, hata siku ile aliyogombana na mumewe mtaa mzima ukasikia. Nikaweka brashi chini. "Mama, kuna nini?" Akasimama, hakugeuka. "Mtani wako hatunaye tena, mzee. Homa ya siku nne tu." Kisha akaendelea na safari yake, alikuwa anakwenda kuwapigia simu ndugu wa mumewe Tabora. Mie nikabaki nimekaa, gundi ikakauka kabla sijabana ubao, na ile Biblia mpaka leo mgongo umekwenda upande. Mwenyewe akisoma hapa anisamehe. Aliponiuliza nilimwambia ni ubovu wa gundi.

Jina la marehemu silitaji, si desturi ya safu hii. Waliomjua wanamjua. Alikuwa Mnyamwezi, mie Mzaramo, na utani wetu ni wa tangu mababu zake walipokuwa wanateremka pwani na mizigo vichwani. Alinizidi elimu mara mia, nilimzidi miaka thelathini, kwa hiyo kila siku alinipa shikamoo kwanza kwa heshima zote, kisha ndipo matusi yafuate. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Mie niliyeishia darasa la nne nilimwomba anieleze ni kazi gani hiyo, akaniambia, "Mzee, kompyuta ni mjinga mwenye mbio. Mie namwandikia maagizo ambayo hata mjinga hawezi kuyakosea." Nikamwambia, "Basi kumbe unawaandikia ndugu zako barua." Alicheka mpaka akakohoa. Na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake, sijui alikuwa anakiweka wapi.

Tulivyokutana ni hivi. Mie nimejalidi vitabu miaka ishirini na mbili katika kiwanda cha uchapaji cha umma, mpaka lilipokuja hili neno la kupunguzwa. Tulipunguzwa kama nywele, kiwanda kikauzwa, na katika vyuma chakavu nikanunua kisu kikubwa cha kukatia karatasi, kile cha mpini mrefu. Nikakifunga kibarazani kwangu. Siku moja akaja huyu bwana na mfuko wa plastiki, akamwaga mezani kwangu takataka. Nasema takataka kwa kuwa ndivyo nilivyoona: maganda ya sigara yaliyopasuliwa, nyuma za kalenda, tiketi za treni, zile karatasi za kompyuta zenye matundu pembeni, hata kadi ya harusi ya watu wengine. Zote zimeandikwa kwa wino, mwandiko mdogo kama siafu. "Nijalidie, mzee," akasema. "Hii ndiyo mali yangu."

Hakuwa na kompyuta nyumbani. Ya ofisini aliruhusiwa kuigusa kwa kazi za ofisi tu, na intaneti ilikuwa mjini, kwenye vile vyumba vyenye feni ambako unalipia kila dakika. Sasa yeye akiingia mle hakusoma kitu. Alikuwa ananakili, anwani za kurasa zilizo huko kwenye mtandao pamoja na maagizo ya programu, mbio mbio, aje ayasome nyumbani kwa raha zake. Na si mambo ya kazi peke yake. Aliwahi kunisomea yaliyomo: namna ya kuifanya kompyuta ihesabu miaka bila kuchanganyikiwa, dawa ya kideri cha kuku, namna ya kurudisha faili lililofutwa, saa za maji kujaa na kupwa, pishi la wali la bibi mmoja wa huko Uchina, namna ya kupanga majina kwa alfabeti, tena kompyuta ikipanga yenyewe. Pembeni ya kila kitu aliweka maneno yake. "Hii kweli." "Huyu mwongo." "Jaribu tena Jumamosi." Dawa ya kideri aliandika "Hii kweli," na kuku wa mke wangu ni mashahidi.

Basi nikamjalidia. Nilizibandika zile takataka juu ya karatasi sawasawa, zikafika mpaka ukingoni, nikashona kwa uzi wa katani, nikatia gamba gumu na kitambaa cheusi mgongoni. Halafu nikafanya kama nilivyofundishwa, kama ambavyo fundi yeyote wa kazi yangu angefanya: nikakiingiza kitabu chini ya kisu nikakata kingo tatu, zilingane. Kitabu kisichokatwa kingo kwetu kilihesabiwa ni cha mwanafunzi, msimamizi alikuwa anakirusha sakafuni. Kikatoka kizuri, kingo laini ungepitisha shavu. Marehemu akakipokea kwa mikono miwili, akafungua. Akafungua tena mbele. Kumbe yeye, kwa ubahili wa karatasi, alikuwa anaandika mpaka mwisho kabisa wa ukingo, na mwisho wa kila mstari nilikuwa nimeukata.

"Herufi mbili tatu tu," nikajitetea.

"Mzee," akasema taratibu, "kwenye haya mambo ikikosekana nukta moja, mlango haufunguki."

Sikujua niweke wapi uso. Alipoona hivyo akacheka kile kicheko chake. "Usihofu, Mzaramo weye. Zilizokatika ninazo kichwani." Akagonga paji la uso kwa kidole. Toka siku hiyo aliacha nafasi ya vidole vitatu kila ukingo, na nikamjalidia vitabu vingine vinne bila kasoro. Kile cha kwanza hatukukizungumza tena. Kusema kweli niliona mambo yamekwisha. Mtu amesema anazo kichwani, wewe unataka nini zaidi? Nilikwenda ndani nikala nikashiba.

Sasa turudi msibani. Turubai limetandazwa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na mie kama mtani nina kazi yangu. Msomaji ambaye si wa makabila haya ajue kwamba mtani msibani halii. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa na kupora vitu vya marehemu mpaka akombolewe. Basi nikaingia ndani, nikavaa miwani ya marehemu, nikatoka na kile kitabu cha kwanza nimekibeba kichwani kama mpagazi. "Sikilizeni!" nikapaza sauti. "Huyu Mnyamwezi katoka Tabora na mzigo, karudi bila mzigo! Kaniachia mie Mzaramo nibebe! Siuachii mpaka nikombolewe, la sivyo nakwenda kufungia karanga!" Watu wakacheka. Hata mjane nilimwona akijifunika mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika, nikasema moyoni, kazi yangu nimeifanya.

Akainuka dada mmoja upande wa wanawake, kavaa sare ya unesi chini ya khanga. "Mzee, shikamoo. Mie nakikomboa."

"Marahaba. Una nini, mjukuu? Nataka jogoo na pakiti ya sigara."

"Nitakupa chochote," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Kitabu hicho ndicho chenye maagizo ya mashine yetu."

Ikabidi nivue miwani. Alikuwa nesi wa zahanati moja ya watu binafsi kule Buguruni, zile zilizochipuka baada ya serikali kutoa ruhusa. Wanatibu watoto wengi wa sikoseli. Marehemu ndiye aliyewaandikia programu, bure, jioni jioni akitoka ofisini, na mle ndani kila mtoto alikuwamo: kundi lake la damu, lini aliongezewa, dawa gani inamdhuru, lini arudi. Kadi za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa, wakazitupa kwa furaha. Umeme ukikatika ghafla mashine ilikuwa inachanganyikiwa, wanamwita marehemu, anakuja, anaigonga gonga dakika kumi, inafunguka. Umeme ulikatika siku ya pili ya homa yake. Nesi alikuja kumwona kitandani, akaambiwa kwa sauti ya mgonjwa, "Iko kwenye kitabu cha kwanza. Mwambieni mzee."

Tukafungua pale pale mbele za watu. Ukurasa tuliupata upesi, maana juu ameandika wazi kabisa: "Zahanati. Umeme ukikatika." Chini yake mistari saba ya maagizo, na chini ya mistari anwani ya mtu wa ng'ambo aliyemfundisha, na pembeni, "Hii kweli." Mistari yote saba haina mwisho. Anwani haina mwisho. Nesi akapitisha kidole ukingoni, pale laini. "Nani kakata hapa?"

Wanaume walikuwa wananitazama mie mtani, wanasubiri kichekesho kingine.

"Mie," nikasema. "Nilikata kipendeze."

Akakaa chini kwenye mkeka palepale, kitabu mapajani, hakulaumu. Ningefurahi alaumu. Akauliza tu, "Vile vipande viko wapi, babu?" Na hapo msomaji wangu ndipo nilipotamani ardhi inimeze mie niingie badala ya marehemu. Vipande vya karatasi vya kisu changu hutiwa kwenye viota vya kuku, wakatagie. Tulikwenda. Baada ya mazishi, nesi na mie na mke wangu, tulipiga magoti bandani tukapekua viota kimoja kimoja. Tulipata ukingo wa daftari la shule na ukingo wa kitabu cha nyimbo. Vya marehemu vilikuwa vimeoza na kuwa mbolea ya mchicha zamani, na mchicha tulikwishaula.

Akaja kijana wa ofisini kwa marehemu, msomi, akakaa mbele ya ile mashine kule zahanati siku nzima. Nilimsindikiza, sijui nilifikiri nitasaidia nini, nilikaa kwenye benchi kama mgonjwa. Akaandika mstari wa kwanza kwa kubahatisha mwisho wake, ukakubali. Wa pili ukakubali. Wa tatu akatoa mikono mezani. "Nikikosea hapa inawafuta watoto wote," akasema. "Kila mtu na mkono wake wa kuandika, mzee. Huu ni mkono wa marehemu." Nesi akamwambia aache. Wakaifunika mashine kwa kitambaa cha meza. Watoto wote wamo mle, na hakuna anayeweza kuwatoa.

Nimelala na kuamka na jambo hili. Kiwandani kwetu zamani tulikuwa tunaudhika na nakala tatu. Kila karatasi nakala tatu, moja ya meneja, moja ya wizara, moja ya stoo inayoliwa na panya. Tulisema ni uvivu wa serikali, na kweli ulikuwa uvivu. Ikaja ruhusa, kila mtu akafungua chake, zahanati yake, duka lake, shule yake uani, na mambo yakaenda haraka, sikatai, hata mie nakula kwa kisu hiki. Lakini tazama tulivyojenga. Kila mlango una ufunguo mmoja, na ufunguo uko kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo anapanda mabasi, anaumwa na mbu kama sisi. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakumalizia kwamba anazikwa nazo.

Juma lililopita nesi alikuja na bunda la karatasi nyeupe. Anataka daftari kubwa la kuandika watoto upya, wakiuliza mama mmoja mmoja. Nikamuuliza inakwendaje. Akasema kuna mama wa Segerea alitaja kila kitu cha mwanawe bila kusita, tarehe, damu, dawa, kama anasoma. Akafuata mwingine, binti yake kajiinamia na maumivu ya mifupa, wakamuuliza dawa gani inamdhuru. Yule mama akawatazama. "Mie nilijua mnayo nyie," akasema.

Nililijalidi daftari lile kwa uzi mara mbili. Kisu sikukigusa. Kingo zimebaki zinapishana, nyingine nje nyingine ndani, kama meno ya mzee. Ni kazi mbaya kuliko zote nilizotoa mkononi mwangu, na msimamizi wangu wa zamani angelirusha sakafuni. Nesi akalipapasa. "Mbona hujalikata, babu?" Nikamwambia aliache hivyo hivyo.

Sina dawa ya kilichotokea, na sitaki kujifanya ninayo. Ninachowaomba ni kidogo. Kama unaye mtu nyumbani au kazini anayesema "ninayo kichwani," usifurahi kama nilivyofurahi mie, ukaenda kula. Mkalishe chini, mpe karatasi pana, na umwambie aandike mpaka amalize mstari.