Ua la Alasiri Ndani ya Ngitili

Nyanjige wa Sapiwi hakuwa mtu wa kubembelezwa. Tangu afiwe na mumewe alilima pamba yake mwenyewe, akauza mwenyewe, na mwenye ushauri wa bure alimsikiliza huku jembe likiendelea. Mali yake kubwa ilikuwa ng'ombe mmoja mwenye mimba, na ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa masika yote ili nyasi zisubiri kiangazi. Ngitili ikishafungwa haingii mnyama, na Nyanjige alivyoshika sheria, hata yeye hakukanyaga. Kijiji kilimweka jirani yake, Mwandu, kuilinda.

Asubuhi aliyoifungua, ng'ombe alikwenda moja kwa moja bondeni, kwenye unyevu, akaanza kula majani membamba yaliyosimama katikati ya nyasi. Shemeji yake, Machibya, aliyekuja kuona malisho, akang'oa shina moja na kulinusa. Uso ukambadilika.

"Shemeji, hii ndiyo iliyoua ndama wangu kule Lalago. Majani ni haya haya."

Nyanjige alimpokonya lile shina. Alilitazama lile jani, asilijue. Angelijuaje? Lilikuwa limeota na kuchanua kwake miaka yote, yeye akiwa nje ya uzio kwa heshima ya sheria. Vichwani mwa mashina kulikuwa na vitumba vidogo vimejikunja, havisemi lolote.

"Tumchinje sasa hivi," Machibya akasema, kisu kimeshatoka. "Akifa mwenyewe, hata nyama hupati."

"Ana ndama tumboni!"

"Ndiyo maana nasema haraka."

Nyanjige alimshika ng'ombe pembe, machozi yakimtoka. Mwandu alikuwa amesimama pembeni tangu mwanzo, anakuna kisogo. Machibya alipoanza kutafuta kamba, uzalendo ukamshinda.

"Subirini hadi alasiri, mayu, mama yangu. Hili ua halifunguki asubuhi. Jua likianza kushuka linafunguka, zambarau, petali tatu, ndugu yake na lile gugu la kongwa. Ile ya Lalago ilikuwa na ua gani?"

"Jeupe," Machibya akajibu. "Lilikuwa wazi tangu alfajiri. Lakini wewe umejuaje la humu?"

Mwandu akatazama vidole vya miguu yake. "Ng'ombe zangu wamelila masika nzima. Wote wazima, wamenenepa."

Nyanjige akamgeukia. Mlinzi wa ngitili! Siku nyingine Nyanjige angemtoa mbio kwa fimbo mpaka Bariadi mjini. Siku hiyo aliachia pembe, akaketi chini, akamwambia Machibya arudishe kisu alani.

Walisubiri. Machibya hakuamini, akawa anamkagua ng'ombe macho na pua kila mara, na ng'ombe akawa anacheua kwa raha zake. Jua lilipopinda, kitumba kimoja kikalegea. Kikafuata kingine. Kabla ya wachungaji kurudisha mifugo, bonde lote lilikuwa na vidoa vya zambarau, kila ua petali tatu laini. Machibya alichuma moja, akaligeuza pande zote.

"Silo," alisema taratibu. "Shemeji, silo kabisa. Nisamehe."

Nyanjige alipumua pumzi aliyoizuia tangu asubuhi. Alicheka, akalia, akacheka tena, akamkumbatia ng'ombe shingoni bila kujali nani anaona. Hakuwa amefurahi hivyo tangu msiba wa mumewe.

Mwandu akasogea, kofia mkononi. Faini ya kuchunga ndani ya ngitili kijijini kwao ni mbuzi, na yeye mwenyewe ndiye aliyezoea kuwadai wengine.

"Mbuzi nitamleta kesho, mayu."

Nyanjige alimpima kwa macho. Uaminifu wa huyu mtu ungekuwa mzima, asingelijua lile ua, na ng'ombe wa Nyanjige sasa angekuwa vipande kwenye majani ya migomba.

"Kaa na mbuzi wako," alisema. "Ila ulinzi, acha. Masika ijayo nitaingia mwenyewe, nione ninacholinda."

"Wabeja, mayu," Mwandu akashukuru, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akainua uso.