Alipofukuzwa Mtani wa Baba

Ipo alasiri moja ninayoikumbuka kuliko siku zangu nyingi, mwanangu, nayo ni ile ambayo Mzee Maganga alitolewa nje kwa mkono wa mlinzi, mie nikiwa nimesimama pale pale, na nikaona ni sawa.

Nitakusimulia polepole, maana najua kilichokuleta kwangu. Mama mkwe wako hatapona, madaktari wamekwisha kusema, nawe unazunguka kutafuta watu wa kumtunza kwa siku zilizobaki. Umenitajia vigae, umenitajia feni, umenitajia gari la wagonjwa. Nimekusikiliza nikajiona mwenyewe, kijana wa Temeke, miaka ile biashara zilipofunguliwa na redio kaseti za nje zikaanza kumwagika madukani.

Redio hizo ndizo zilizonilisha. Nilikuwa fundi, na ufundi sikufundishwa na mtu. Nilifungua redio mbovu ya baba, nikaifunga ikiwa mbovu zaidi, nikaifungua tena, mpaka ikasema. Mtu aliyejifundisha mwenyewe, mwanangu, ana hofu moja isiyomtoka: anaogopa kwamba kuna kitu wenzake wote wanakijua, yeye kilimpita. Kwa hiyo nilikagua kila kitu mara mbili mbili. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Mteja akija kuchukua redio yake iliyokwisha pona namwambia kesho, bado naisikiliza. Wanasema wasiwasi ndio akili, lakini wangu ulikuwa umeipita akili ukaenda mbele.

Baba akaugua saratani ya tumbo. Hospitali kubwa wakatuambia hakuna tena cha kukata wala cha kuchoma, tumchukue tukamtunze. Mama alikuwa keshatangulia mbele ya haki, tukabaki mie na Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, aliyekuwa akiishi Mbagala na miguu yake mibovu. Baba alikuwa akilala amekunja magoti mpaka kifuani. Nikaapa kwamba nitamtafutia mahali pasipo na dosari hata moja.

Kinondoni kulikuwa kumefunguliwa nyumba mpya ya kutunza wagonjwa wa namna hiyo, mali ya mtu binafsi, sakafu yote vigae. Nilikwenda kuikagua, nikarudi tena kuikagua. Nilikuwa nimesoma kitabu cha uuguzi kisicho na jalada, nilichokinunua kwa wauza vitabu vya barabarani, nikawa na maswali. Mgonjwa mnamgeuza baada ya muda gani asipate vidonda vya kulalia? Mashuka mnafua kila siku? Dawa za maumivu mnazo? Usiku anakesha nani? Yote walinijibu bila kusita, kila jibu limenyooka. Nikavuta shuka nikalinusa. Nikafungua bomba la chooni. Nikaridhika, na mie kuridhika ilikuwa habari ya kutangazwa.

Baba sikumuuliza. Nilijiambia, mgonjwa haulizwi uji.

Sasa huyo Mzee Maganga. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, amefanya kazi na baba bandarini tangu ujana wao, nyumba yake ikiwa Tandika. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Nyie siku hizi utani mnaujua wa mpira tu, lakini ule wa makabila ulikuwa na kanuni zake: mtani anakutukana ukiwa mzima, anakutukana ukiwa mgonjwa, na kwenye msiba wako ndiye anayewachekesha wanaolia. Hana ruhusa ya kukuhurumia. Baba alipokuwa bado nyumbani, Maganga alikuwa akija kila siku baada ya alasiri, anaanza kupayuka tangu uani.

"Mzaramo! Bado upo? Sie tumeshachambua mchele wa msiba, wewe hata kufa unaona uvivu?"

"Tangulia wewe, Mnyamwezi," baba humjibu. "Nyie ndio mliokuja pwani na mizigo kichwani, safari mmezizoea. Katazame njia, urudi unihadithie."

Basi hapo wanacheka mpaka baba anashika ubavu, nami nasema moyoni, wazee hawa hawana adabu.

Tulipomhamishia baba Kinondoni, Maganga alifunga safari kutoka Tandika amevaa shati lake la kutokea. Akafika mlangoni mwa chumba alicholazwa baba pamoja na wagonjwa wengine, akapaza sauti.

"Mzaramo! Hata hawa hawajakuweza?"

Mkuu wa wauguzi, mama mmoja nadhifu mwenye sauti ya chini, akaja mbio. "Mzee, maneno ya kifo hapa hayasemwi. Wagonjwa wanahitaji utulivu."

"Mie ni mtani wake, mama."

"Hata kama. Mlinzi!"

Baba akanitazama. Alinitazama mie, mwanangu, hakumtazama muuguzi. Nami nikasema, "Mzee Maganga, samahani, leo mwache apumzike." Mlinzi akamshika kiwiko. Maganga hakubishana. Alivaa kofia yake akatoka, na baba akageukia ukutani.

Siku zilizofuata kila nikiuliza hali yake naambiwa, "Mzee wako hana usumbufu kabisa. Halalamiki." Nikawa narudi Temeke moyo baridi, nasinzia kwenye kiti nikijisifu.

Shangazi Mwanaidi ndiye aliyenizindua, wala hakunizindua kwa upole. Alikuja kumwona kaka yake, akakaa kitandani kwake muda mrefu akimkanda miguu, wakinong'ona. Alipotoka alinikuta barazani nikimuuliza mfanyakazi mmoja kwa nini pazia la dirisha la mwisho limepauka kuliko mengine.

"Wewe Hamisi, hebu njoo. Wanakwambiaje kuhusu babako?"

"Wanasema halalamiki, Shangazi."

"Halalamiki! Mtu aliyekuwa akilalamikia chumvi ya ubwabwa kwenye harusi za watu, leo halalamiki, nawe umefurahi?" Akajishikilia ukuta kupumzisha miguu. "Nimemuuliza. Anasema akiwaambia inauma, wanamwambia saa ya dawa bado. Basi kaacha kuwaambia. Nyumba hii umeikagua mpaka chooni. Babako umemkagua lini?"

Nikajitetea, kwa ujinga wangu, kwa ile methali. "Shangazi, si mgonjwa haulizwi uji?"

"Haulizwi kama apewe, mjinga wewe. Lakini kama u moto, kama sukari imetosha, utajuaje usipomuuliza? Au unamnywea wewe?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kile cha baba hakikuwa na kunguni hata mmoja, nilikuwa nimehakikisha, na bado aliyekilalia alikuwa akiumia kimya.

Sikwambii haya uwachukie watu wa Kinondoni. Walikuwa wasafi, na mashuka yalifuliwa kweli. Hata sasa nikiwafikiria naona walijitahidi sana kukitunza chumba, mpaka mgonjwa naye akawa kama kimojawapo cha vitu vya chumbani. Na mie nilikuwa nimewatangulia katika kosa hilo.

Shangazi alikuwa amesikia kwa jirani yake habari za nesi mmoja wa zahanati ndogo ya njia ya kwendea Ukonga, ambaye pamoja na wenzake wachache walikuwa wakiwafuata wagonjwa wasiopona majumbani mwao. Tukamrudisha baba Temeke, na nesi huyo akaja. Jina lake Sesilia, mtu wa Songea, viatu vimejaa vumbi. Alimwamkia baba, akamwamkia Shangazi, nami sikumpa nafasi ya kunywa maji nikaanza kumhoji.

"Jumapili mnakuja?"

"Hatuji."

"Na akizidiwa usiku?"

"Usiku sitafika, kaka. Nitakufundisha cha kufanya kabla sijaondoka leo."

"Dawa yenu ya maumivu haitaisha?"

"Inaweza kuisha. Inapatikana kwa shida. Ikikaribia kuisha nitawaambia mapema, sitawaficha."

Nilitaka kumwambia aende zake. Kila jibu lake lilikuwa na tundu. Lakini Shangazi alinikata jicho, nikanyamaza. Sesilia akageuza kiti, akanipa mgongo, akamwelekea baba.

"Baba, siku ikiwa nzuri kwako, inakuwaje?"

Baba akageuza kichwa akamtazama. Kisha akasema, "Maganga akija."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kunitukana."

Sesilia akacheka. "Kwa jina hilo, Mnyamwezi?"

"Nani mwingine?"

"Huwa anakuja wakati gani?"

"Baada ya alasiri. Alikuwa anakuja. Amefukuzwa."

"Atarudi. Na ukicheka, baba, panauma wapi?"

Baba akaonyesha chini ya mbavu. Muda wote ule nilidhani alikuwa akishika ubavu kwa raha! Sesilia akatueleza kwamba dawa ataipata kwa saa zake, usiku na mchana, bila kungoja maumivu yapande, na yakipanda kabla ya saa ipo ya kuongeza, akatuonyesha kiasi. Kisha akakipanga kile kipimo cha mchana kitangulie alasiri, ili mtani akiingia dawa iwe imeshafanya kazi. "Apate kucheka bila kuumia," alisema, kama mtu anayetaja jambo la kawaida kabisa la zahanati.

Iliyobaki ilikuwa kazi yangu. Nilikwenda Tandika, nikamkuta Maganga anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto wa Mzaramo kaja. Mlinzi wako umemwacha wapi?"

"Nisamehe, mzee. Nilikosa, tena mbele ya baba."

Aliendelea kuchonga. "Mtani hafukuzwi. Ukimfukuza ni faini. Jogoo. Tena asiwe jogoo wa Kizaramo, mvivu wa kuwika."

Nikatoa jogoo. Kesho yake baada ya alasiri tukaisikia ile sauti tangu uani: "Mzaramo! Kumbe umerudishwa? Hata wenye vigae umewashinda kula?"

Baba akajiinua kwenye mto, macho yakawaka. "Pita ndani, Mnyamwezi, utue mzigo."

Akacheka, mwanangu, mkono wake umetulia juu ya shuka. Hakushika ubavu. Mie nikatoka uani nikalia, nikisugua bakuli lililokwisha takata.

Usidhani mambo yalinyooka baada ya hapo. Dawa ilikaribia kuisha kweli, Sesilia akatuambia kama alivyoahidi, tukahangaika tukaipata. Jumapili moja baba alizidiwa, nikafanya nilivyofundishwa. Kidonda kilianza mgongoni, tukakiwahi. Kwa macho yangu ya zamani ningesema utunzaji ule ulikuwa na kasoro kila siku. Lakini baba alibaki baba. Alilalamikia chumvi. Alimwambia Shangazi uji wake ungeweza kubandikia karatasi.

Alifariki asubuhi moja jua limeshatoka, Shangazi akimtamkia shahada sikioni, mie nimemshika mkono, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua kitu. Maganga alipofika aliukuta uwanja umejaa. Akasimama mlangoni.

"Mzaramo, umeondoka bila kuaga. Ndiyo tabia zenu."

Watu wakacheka katikati ya kilio, kisha sauti yake mwenyewe ikakatika, akakaa chini palepale penye viatu.

Sesilia alikuja baada ya maziko. Hakuwa tena na mgonjwa kwetu. Alikaa mkekani na wanawake, na alipokuwa anaondoka akaniuliza, "Kaka, unalala?"

Nikamwambia ukweli kwamba silali, siku zile za Kinondoni zinanirudia. Hakuniambia nisiwaze. Alisema, "Uliporudi ukamsikiliza, alikujibu. Wapo wasiorudi." Nimeishi na maneno hayo, na nikikaa peke yangu bado nayahitaji.

Basi, mwanangu, nenda kakague. Sikukatazi kunusa mashuka, nusa tu. Uchafu si fadhila. Uliza habari za dawa, na hasa uliza wanafanya nini maumivu yakija kabla ya saa. Lakini ujue uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tafuta swali ambalo jibu lake la kweli ni "hilo hatuwezi", ulitupe mbele yao uone kama watathubutu kulisema. Asiyekubali kushindwa lolote atakuficha hata lile unalopaswa kulijua. Mtunzaji akiingia, tazama anamwelekea nani kwanza, wewe mwenye kulipa au yule aliyelala. Waulize wageni wa mgonjwa wanapokewaje, hata wale wa kelele. Waulize kama watakumbuka mlango wenu baada ya maziko. Na ukisifiwa kwamba mgonjwa wako hana usumbufu, usishukuru haraka. Waombe nafasi, ukae naye faragha, umkande miguu, ungoje aseme.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Kwanza nenda kwa mama mkwe wako, umuulize siku njema kwake ikoje. Akinyamaza, usimjibie.

Mwenyezi Mungu akujaalie sikio la kusikia hata lisilosemwa. Amwondolee yule mama maumivu, amwachie kicheko chake mpaka mwisho. Nawe siku yako, aijaalie iwe mbali, isikukute mikononi mwa watu wasiojua kuuliza. Haya, nyanyuka, mwanangu. Saa hizi bado yuko macho.