Kona Moja ya Dude la Mzee

Saluni ya Dada Zungusha ina kabati la kioo ambalo msusi mwingine angelijaza mafuta na nywele za bandia. Yeye amelijaza vidude vya kuchezea, vya kuzungusha mpaka kila upande uwe na rangi yake moja: vya mchemraba, vya piramidi, kimoja cha mviringo kama chungwa, kingine kama pipa, vyote vikuukuu kuliko wateja wake wengi. Jina hilo alipewa na wateja kwa kumcheka. Akalipokea, akalipaka juu ya mlango.

Akikosa kichwa cha kusuka, hufungua kimoja na kulaza vipande vyake kwenye taulo. Huvisugua kwa mswaki laini na maji ya sabuni, akavianika kivulini maana jua hula rangi. Na ole wako umpe mafuta ya nywele ya kulainishia. "Hayo yanakula plastiki ya zamani kama mchwa," husema. Kwake, kidude kisichozunguka ni maiti.

Siku hiyo mama yake alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama timtim. Akaingia kaka yake, dereva wa lori, na mfuko mkononi. Alikuwa akimhamishia mama nyumbani kwake, na katika kusafisha chumba alikuta mchemraba wa marehemu baba yao.

"Mdogo wangu, mzigo wako huu. Au niwape watoto waupigie danadana? Si unajua ulimshinda mzee."

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akacheka kabla hajajua anacheka nini.

Mama hakucheka. "Kila jioni aliniambia, 'Mke wangu, kimebaki kidogo tu.'"

"Na kidogo hichohicho ndicho kilichomshinda, mama. Tuseme ukweli."

Utani huo Dada Zungusha aliukuta nyumbani. Yeyote katika ukoo akishindwa na jambo, aliambiwa amepatwa na dude la mzee. Akaweka kitana chini. "Nikikimaliza hapahapa, utaacha kumcheka baba?"

"Niache? Ndiyo nitazidi! Binti kamaliza kilichomshinda baba."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Akishindwa, aibu, akiweza, aibu ya baba maradufu. Lakini mkono ulishashika. Vidole vilevile vinavyogawa nywele bila kuangalia vikaanza kazi, kra, kra, kra, rangi zikirudi kwao moja moja, mpaka ikabaki kona moja tu. Ilikuwa mahali pake, ila imekaa kichwa upande. Akavuruga, akaanza upya. Kona ikabaki vilevile.

Kaka akapiga makofi. "Jamani! Dude limeshinda ukoo mzima!"

Dada Zungusha aliitazama ile kona, halafu akatabasamu taratibu.

"Mama, hiki kiliwahi kuanguka?"

"Kilianguka toka juu ya kabati, kingali kipya. Vipande vikatapakaa mpaka chini ya kitanda. Baba yako akaviokota vyote, akavipachika mwenyewe. Alifurahi huyo! Hakuna hata kimoja kilichopotea."

Binti akatoa kabatini mchemraba mwingine, usio na kasoro. Mbele ya kaka yake akachomoa kona moja, akaigeuza kidogo, akairudisha. "Haya, kaka. Zungusha mpaka uote mvi. Hakitakubali. Ukipachika kona moja vibaya, hakuna mzunguko duniani utakaokimaliza. Baba alikipachika kwa macho, kama anavyofanya kila mtu asiyejua."

Kaka akakigeuza huku na huku.

"Kwa hiyo ile 'kimebaki kidogo'..." mama akaanza.

"Alikuwa akifika hapa hapa, mama. Mwisho kabisa wa panapofikika. Peke yake, bila kufundishwa na mtu."

"Na alivyokuwa akisema penye nia pana njia!"

"Nia alikuwa nayo. Njia ndiyo haikuwepo."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya taulo. "Basi mfungulie njia, mwanangu."

Hapo akaenda taratibu, kwani plastiki ya umri ule huvunjika kama biskuti. Akabandua kifuniko cha kati kwa ncha ya wembe, akalegeza skrubu mpaka springi ikalegea, akanyanyua kipande cha ubavuni kwa kidole gumba. Kona ikatoka nzima. Akaigeuza, akairudisha, akakaza. Kisha akazungusha tabaka la juu, ila si mpaka mwisho, akampa mama. "Malizia wewe."

Mama akasukuma. Pande zote zikatulia na rangi zao.

"Niwashe gari, mama?" kaka akauliza kwa sauti ya chini.

"Gari la nini! Yule fundi viatu wa mlango wa pili kutoka hapa ndiye aliyekuwa akimcheka baba yenu kuliko wote." Na mama akashika njia na nusu kichwa chake timtim, mchemraba ameuinua juu kama kombe, huku kaka akimkimbilia nyuma na kumwambia, "Ngoja, mama, mimi ndiye nitakayemweleza!"