Igihozo Hatulii

Uwitonze alikuwa mshonaji katika mtaa wa Keshero, chini ya volkano, na hakuna mteja aliyewahi kumkuta amekaa tu. Akipiga pasi, alikuwa akiongea na mtu wa nje kupitia dirishani. Akikata kitambaa kimoja, jicho lilishafika kwenye kingine. Kwa hiyo binti yake Igihozo alipoanza kupanda meza kabla ya kujua kushuka, majirani walicheka wakasema mama amejizaa mwenyewe.

Shuleni hawakucheka. Igihozo alikuwa mwaka wa tatu, na mwalimu wake, Madame Gisèle, alimwita Uwitonze mara ya kwanza kwa sababu mtoto alitoka katikati ya somo kwenda kuangalia upepo ulivyokuwa ukitikisa bati la paa. Mara nyingine alimsahihisha mwalimu hesabu mbele ya wenzake, na masahihisho yenyewe yalikuwa ya kweli. Sweta zilipotea, rula zilipotea, kazi za nyumbani ziliishia nusu. Mwishowe direkta, mkuu wa shule, akasema afadhali mtoto atafutiwe shule nyingine.

Kuanzia siku hiyo Uwitonze hakupata utulivu. Shemeji yake alitaka mtoto aombewe. Jirani mmoja alisema huo ni ugonjwa, watoto wa namna hiyo, wasiotulia hata kidogo, wanaitwa iperaktifu. Kisha akaja mteja kuchukua nguo yake, akamkuta Igihozo akieleza jinsi lava inavyoganda juu huku chini bado inatiririka. Mteja akasema huyu ana akili kupita kiasi, ni shule tu inamchosha. Neno hilo Uwitonze alilikumbatia. Kila aliyelalamika alijibiwa kwa hilo. Mumewe, Nsanzimana, dereva wa lori njia ya Sake, alimwambia polepole kwamba mwenye akili nyingi angekumbuka alikoacha sweta yake. Waligombana, na chakula kikapoa mezani.

Aliyewatoa hapo ni Madame Gisèle mwenyewe. Alikuja hadi nyumbani, akakataa kiti, akasema yuko mtaalamu wa saikolojia kwenye kituo kimoja cha afya karibu na Katindo.

"Mama Igihozo, siko namufukuza," alisema. "Niko natafuta kujua namna ya kumufundisha."

Mtaalamu huyo, Papa Balagizi, alikuwa mtu wa Bukavu mwenye maneno ya taratibu, na utaratibu wake ulimchoma Uwitonze kama sindano. Alicheza na mtoto, akampa mafumbo, akazungumza na mwalimu, na bado hakutoa jibu. Aliuliza kama kutotulia huko kunamfuata hata kanisani na kwa bibi yake, au ni darasani tu.

"Mutoto mwenye akili nyingi akichoka na kitu chepesi, anatoroka; ukimupa kigumu, anatulia," alieleza. "Mwenye shida ya kutulia, hata kile anachokipenda mara nyingi kinamuponyoka. Rudi nyumbani, umuangalie. Usimusaidie, usimugombeze."

Kuangalia bila kugusa kulikuwa adhabu kwa mtu kama Uwitonze. Aliuma midomo wiki baada ya wiki. Kisha cherehani ikaanza kuruka mishono, wakati sare za kwaya zikisubiriwa. Alienda kununua uzi, na aliporudi alimkuta Igihozo amechuchumaa, amefungua sehemu ya chini ya mashine, pale bobini ya uzi inapokaa. Uwitonze alisimama mlangoni. Mtoto alikuwa akijinong'oneza jinsi ndoano inavyopaswa kuushika uzi, na kwa nini haiushiki. Akachomoa kipande cha uzi kilichojisokota ndani kabisa. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Moyo wa mama ulipanda: haya, si nilisema!

Nje ikapita chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, iliyosheheni ndizi, ikiteremka kwa kasi, vijana wakipiga kelele watu wapishe. Igihozo aliinuka, skrubu ya mashine mkononi, akaifuata chukudu mbio. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu, na hakukumbuka kwamba aliwahi kushika skrubu. Alipoiona mashine imefunguka, alilia kwa uchungu.

"Mama, nilikuwa nataka kumaliza. Kichwa kilienda."

Waliitafuta skrubu katikati ya mawe meusi ya lava hadi giza likaingia. Hawakuipata. Jumapili kwaya iliimba ikiwa na sare za zamani.

Uwitonze alimsimulia Papa Balagizi yote hayo. Mtaalamu alimsikiliza, akayaweka pamoja na aliyoyaona mwenyewe na aliyoambiwa shuleni, ndipo akasema.

"Iko yote mbili, mama. Akili iko nyingi, na shida ya kutulia iko. Moja haifuti ingine."

Uwitonze alihisi amenyang'anywa neno lake la kujitetea. Balagizi akamuuliza yeye mwenyewe alikuwaje utotoni. Ikabidi aeleze shule ya Rutshuru, fimbo alizopigwa kwa kutazama nje, na jinsi alivyoacha masomo akiamini ni mvivu. Balagizi akasema jambo hili mara nyingi hutembea ndani ya familia, wala si laana wala uvivu.

Madame Gisèle alimhamishia Igihozo mbele, akampa hesabu ngumu zaidi lakini kidogo kidogo, na kumtuma nje kila alipoanza kuchemka. Siku nyingine ilifaa, siku nyingine mtoto alitumwa maji asirudi. Direkta alikubali kungoja hadi mwisho wa mwaka, bila ahadi.

Nyumbani Nsanzimana aliacha kubishana, akauliza asubuhi wafanyeje. Wakaanza kumwambia jambo moja kwa wakati mmoja. Asubuhi moja, wenzake wameshapita kwenda shule, Igihozo alikuwa bado mlangoni na kiatu kimoja, akiuliza kwa nini moshi wa volkano unapinda upande ule na si huu.

"Siko najua," Uwitonze alimjibu, yeye mwenyewe akitafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake. "Vaa kiatu cha pili. Utaniambia jioni."