Sahani ya Ami Twaha

Shuleni ninakofanya kazi kuna mashine ya fotokopi iliyochoka. Ukiiwasha huguna kwanza, kisha huanza kuvuma, mvumo ukapanda na kupanda mpaka ukatulia juu, na kila unapopanda mimi huacha ninachokifanya. Walimu wamezoea kunicheka. Wanadhani naionea huruma. Kumbe wakati huo sipo pale kabisa. Nipo Muyeye, sebuleni kwetu, nina miaka tisa, nimejibana kati ya bibi yangu na ukuta, na mbele yetu kuna chombo kinachovuma vivyo hivyo, na sote tunamngoja mtu aliyekwisha kufa atokee.

Mtu huyo alikuwa ami yangu Twaha, mdogo wake baba na kitinda mimba wa bibi. Alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya ufukweni, kijana mrefu mwenye kicheko kilichomtangulia njiani, hata ukajua anakuja kabla hajakata kona. Homa ilimchukua kwa siku nne, masika moja, na tulipomaliza matanga tukagundua kwamba hatuna picha yake hata moja. Nyumba yetu haikuwa ya picha. Bibi ndiye aliyekuwa akisema sura ya mtu si ya kutundikwa ukutani, na maneno hayo alikuja kuyajutia mno. Picha pekee ilikuwa kwenye kipande chake cha utambulisho, nacho kilibaki ofisini baba alipokwenda kuandikisha kifo.

Mwaka uliofuata, msimu wa wageni uliporudi, mama mmoja wa Kizungu alifika barazani kwetu na bahasha pana ya karatasi ngumu, akimwulizia Twaha kwa Kiswahili cha hotelini. Mama yangu ndiye aliyempa habari. Yule mgeni alikaa chini palepale, na kofia yake kichwani, akalia kuliko tulivyotarajia. Alipotulia akatueleza. Kabla Twaha hajafa, watu wa kwao Ulaya walikuja kupiga filamu ya kuitangaza hoteli, na filamu ile ilitiwa kwenye sahani ya video, mfano wa santuri. Twaha alikuwa ndani yake, akitembea, akibeba sinia, akicheka. Mgeni alikuwa amemletea Twaha sahani hiyo iwe zawadi.

Sahani yenyewe ilikuwa ya rangi ya fedha, pana kama ungo mdogo, na ukiiinamisha ilitoa rangi za upinde wa mvua. Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza huku, akaigeuza huku, akaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Yuko upande gani?" akauliza.

Baba alisema sahani kama ile inataka deki yake maalumu, si ile ya kanda waliyokuwa nayo matajiri wawili watatu pale mjini. Baba alikuwa fundi wa redio, na Sudi fundi akisema kitu kinataka kitu, Muyeye nzima ilimwamini.

Deki ilipatikana baada ya miezi, kwa Mzungu wa Watamu aliyekuwa akihama, naye alikuwa akiitumia kuwekea vyungu vya maua kwa sababu ilikuwa imekufa. Waliibeba watu wawili kutoka barabarani. Ilifunguliwa kwa juu, kama kasha, na kitabu chake kilikuwa cha lugha ambayo baba hakuijua hata herufi zake. Mama aliitazama ilivyoenea sebuleni akauliza kama sisi tutahamia jikoni.

Alipoifungua mara ya kwanza, baba aliniita nione. Katikati palikuwa na kitovu cha kushikia sahani, na pembeni yake kijicho cha kioo, kidogo kama punje ya mtama. "Mwanga unatokea hapa," alisema. "Hiki ndicho kinachoona. Hakiguswi." Nilirudi nyuma hatua mbili nzima.

Alifanya kazi kila alasiri. Fyuzi alibadilisha. Mkanda wa mpira uliokuwa umeyeyuka aliukata upya kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, mara saba, kwa sababu ulikuwa mpana, halafu mwembamba, halafu unateleza. Jirani yetu Mzee Athmani alipita kila siku kutoa ushauri, na ushauri wake ulikuwa mmoja tu, kwamba ipigwe kofi la ubavuni. Redio za watu zilirundikana hadi chini ya kitanda na wenyewe wakaanza kununa.

Haraka yote ile ilikuwa kwa sababu ya bibi. Macho yake yalikuwa yakimwacha. Daktari wa Mombasa alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Bibi alituambia anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi, na kila mwezi mwanzi ule ulizidi kuwa mwembamba. Alikuwa akichagua mchele mlangoni, penye mwanga, na mimi nilikuwa nikiurudia nyuma yake kwa siri kutoa mawe aliyoyaacha. Mawe yalikuwa yakiongezeka. Nilikuwa nikiyatupa uani ili baba asiyaone, kana kwamba kuyaficha kungesaidia kitu.

Kisha Jumanne moja, baba akaunganisha waya nyuma ya televisheni, kwenye tundu la antena, akaanza kuzungusha kitufe cha stesheni polepole. Deki ikaguna. Ikavuma. Zile chenga nyeupe za kioo kisicho na picha zikatikisika, zikakatika, na palepale pakatokea bahari ya samawati na viti vyeupe mchangani. Niliruka. Muziki ulianza, mlango wa hoteli ukafunguka, na baba akaizima.

"Baba!"

"Mama hayupo," alisema.

Bibi alikuwa Mambrui kwa shangazi, kwenye matanga ya jirani yao. Baba hakuona adabu sisi tumtazame Twaha kabla ya mama yake. Macho ya kwanza yawe ya aliyemzaa, alisema, na Ijumaa baada ya sala tutakusanyika wote, tumsomee kwanza, ndipo tumtazame. Mama yangu alikubali. Hata mimi niliona ndivyo inavyopasa. Katika yote yaliyotokea, hilo ndilo ninalolirudia zaidi, kwamba mlango ulikuwa umekwisha kufunguka.

Bibi alirudi Alhamisi, akaambiwa. Alikaa kitako, akaomba maji, akayanywa yote. Ijumaa asubuhi, wanaume walipokuwa wakijiandaa kwenda msikitini, akaniita.

"Maimuna, nifukizie nyumba. Na chombo kile usikipite. Kimetoka kwa watu tusiowajua, na mwanangu atapita mumo humo."

Udi wetu ulikuwa wa kupikwa nyumbani kwa sukari na mafuta mazuri, ule ambao moshi wake hunata nguoni siku tatu. Nilipitisha chetezo vyumba vyote. Nilipofika kwenye deki nikaona kuipitishia juujuu tu ni kumvunjia heshima Ami Twaha. Nikafanya kama tulivyokuwa tukifukiza nguo za harusi. Nilifungua kifuniko, nikaweka chetezo pembeni kwenye kigoda, nikafunika vyote kwa kanga ili moshi usitoroke. Kijicho sikukigusa, nilikuwa mwangalifu sana. Nilihesabu mpaka mia, nikaona haitoshi, nikahesabu tena.

Walikuja watu kama thelathini. Baada ya kisomo baba aliweka sahani, na bibi akasogezwa mbele kabisa, magoti yake karibu yaguse televisheni. Deki ikaguna, ikavuma, mvumo ukapanda mpaka juu. Tukangoja. Kwenye kioo palikuwa na chenga, chenga tupu. Baba alikaza waya, akauchomoa, akaurudisha. Akazungusha stesheni mwanzo hadi mwisho. Jasho lilikuwa likimdondokea kwenye mikono. Mimi nikaanza kuomba kimyakimya kila dua niliyoijua, hata ya kuingilia chooni.

Bibi alinyoosha kidole, akagusa zile chenga.

"Huyu ndiye?"

"Siye, mama," baba alisema. "Bado."

Watu walikunywa kahawa yao, wakampa baba pole kama aliyefiwa, wakaondoka. Mzee Athmani alikuwa wa mwisho, na siku hiyo hata yeye hakutaja kofi.

Baba hakukata tamaa, au ndivyo nilivyoamini. Aliendelea kila alasiri, mwezi baada ya mwezi, na bibi akitandika mkeka karibu yake. Vuli ilipoingia bibi alikuwa hatofautishi mlango na dirisha. Nikadhani sasa ataacha kungoja. Lakini alisema haidhuru, hata kwa sauti tu, amsikie akicheka. Nami nilikuwa nikikaa nao, nikiichukia deki ile kwa moyo wangu wote, na nikiibembeleza. Sijapata tena kujiona mdogo kiasi kile. Bibi alifariki mwaka uliofuata, akiwa na hakika kwamba Sudi amekaribia.

Mimi nilikua, nikawa mtunza maabara katika shule moja ya Kilifi. Mwaka mmoja mwalimu mgeni alikerwa na harufu ya vyura tuliowapasua, akafukiza udi maabara nzima. Kesho yake hadubini zote zilikuwa na ukungu. Nilichukua pamba na spiriti, nikafuta kioo cha kwanza, pamba ikatoka na utando wa kahawia, wenye kunata. Nilikaa chini sakafuni. Wanafunzi walidhani nimezirai.

Jumamosi nilikwenda Muyeye. Baba alikuwa mzee tayari, redio hakuna tena anayezitengeneza, na sahani nayo ilikuwa imekwisha kuota madoa kwa unyevu wa pwani. Nilimwamkia, nikaketi, nikamwambia deki ile niliiharibu mimi. Nikamweleza kanga, kigoda, na kuhesabu kwangu mpaka mia mara mbili.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Najua," alisema.

Ijumaa ileile, wageni walipotoka, alifungua kifuniko na harufu ikampiga usoni. Akauona utando kwenye kijicho. Akafurahi, kwa kuwa utando ni kitu cha kupangusa tu. Akashika ncha ya kikoi.

"Mkono ulikuwa ukitetemeka, Mai. Kijicho kikang'oka. Nikakiona kimenasa kwenye kikoi, na hapakuwa na mtu pwani hii wa kukirudisha."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ulikuwa mtoto, na aliyekutuma ni mama yangu."

Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi, na nikakuta kosa langu limebebwa na mtu mwingine muda wote ule, mtu aliyekubali Muyeye nzima imwone fundi aliyeshindwa. Ndipo nilipozikumbuka alasiri zile, miezi na miezi, bisibisi ikilia na mkeka wa bibi kando yake.

"Sasa baba, wakati wote ule ulikuwa ukitengeneza nini?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Nilikuwa nikifungua skrubu na kuzifunga," alisema. "Mama alikuwa akisikiliza."