Mukunga-mbura Alikula Mbolea

Bisha ukitaka, lakini nilipokuwa mtoto huku Murera nilimwona mukunga-mbura kwa macho yangu, mchana kweupe, amelala juu ya bwawa. Wewe umekulia mtaa wa Membley, maji yako yanatoka kwa mfereji, utajua nini? Huyo ni mnyama wa upinde wa mvua. Anaishi majini, anameza mifugo. Cucu, mama ya baba yangu, alitulea na habari zake, na onyo lake lilikuwa moja: "Msimtupie kitu. Chochote mnachomtupia, anakula."

Mwaka huo bwawa liligeuka kijani, na juu yake michirizi ya buluu na nyeupe, kama mtu amemwaga makopo ya rangi. Mbuzi wa jirani walikunywa wakafa. Wazee wakasema ndiye huyo, amekuja.

Baba yangu, mtu wa mabega na hasira, akaleta wazo. Kila mkulima anajua mbolea ya duka ukiizidisha inachoma mahindi mpaka mizizi. Si basi itamchoma na mnyama? Wanaume wakabeba magunia yao ya kupandia, wakayapasua kwa panga, wakamwaga yote majini. Mimi nilirusha konzi ya mbolea mbali kuliko mtoto yeyote. Uliza mtu.

"Mnamlisha!" Cucu alipiga kelele kutoka ukingoni.

"Maitu, rudi jikoni," Baba akamjibu mama yake bila kugeuka.

Shule niliiachia darasa la saba, lakini siku hizi napakia magunia kwa duka la mbolea pale Ruiru, na hata mimi naweza kukufundisha: ile kijani ilikuwa mwani, na mwani hula mbolea kama mahindi. Tayari ulikuwa unanenepa kwa kile mvua iliteremsha kutoka mashamba ya juu, na majitaka ya ploti za kupangisha. Sisi tukauongezea karamu.

Mnyama akafura. Bwawa likawa uji, likanuka kama choo cha soko, samaki wakaelea matumbo juu. Ng'ombe wetu Nyange akakata kamba akaenda kunywa. Alirudi miguu ikitetemeka, akaanguka mbele ya zizi, akagonga ardhi kwa kichwa mpaka pembe ikavunjika, povu na damu puani. Baba alimshika shingo mpaka akatulia. Kisha akainuka na rungu.

Wafula, mpangaji wetu kutoka Bungoma, alizoea kuvua kwa hilo bwawa. Hiyo ikatosha kuwa kesi. Baba na wenzake walimpata ukingoni akitoa nyavu.

"Ni wewe unamfuga!" Baba akanguruma.

"Baba Kimani, ni mimi!" Wafula alimwita kwa jina langu. "Jana si tumekula ugali pamoja?"

Rungu likamjibu mdomoni. Meno yakaanguka kwa tope la kijani. Wakamkanyaga mkono mpaka ukalia kama kuni kavu, wakamzamisha kichwa: "Kunywa! Mwambie mnyama wako atoke!" Akatoka anatapika kijani, wakamrudisha tena. Mtu alikuwa anakufa mbele yangu, na aliyekuwa anamuua ni baba yangu.

Hapo ndipo mimi, simba wa Murera, nilipaza sauti: "Polisi! Polisi wamefika!" Wakatawanyika kama kuku. Hivyo ndivyo nilivyomwokoa Wafula, na hivyo ndivyo nimesimulia kila mtaa niliokaa.

Haya. Nilipiga kelele, kweli. Hakuna aliyegeuka.

Niliyemruka katika hadithi hiyo ni Cucu. Alipenya kati ya wanaume, akasimama mbele ya mwanawe mwenyewe, akashika pindo la nguo yake akaliinua mpaka juu. Kwetu mama akimwonyesha mwanawe uchi kwa hasira, hiyo ni laana, na hakuna kubwa kuishinda. Wanaume walifunika nyuso wakakimbia wakigongana. Baba alidondosha rungu, akabaki amefumba macho, analia kama mtoto.

Wafula aliishi. Aliondoka na mkono uliopinda. Baba hakuingia tena nyumba ya mama yake mpaka siku tulipomtoa humo kwa jeneza. Cucu alikuwa akinituma kwa Baba na sahani ya irio, kile chakula chetu cha kuponda, ninairudisha imejaa, na Cucu anaipokea. Alijua bei kabla hajashika lile pindo.

Watu hunicheka kwa kujisifu, na mimi huwaacha wacheke. Nikisema ni mimi niliyewafukuza, Cucu anabaki amevaa nguo yake.